Maneno Ishirini na Manne ya Usenge

Nasipwondi hakuwa mtu wa majivuno, lakini Jumamosi ile asubuhi alijisifu kidogo moyoni, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Alikuwa chumbani kwake Manyatta, Kisumu, chai imepoa kando ya kompyuta. Kazi yake ilikuwa ngumu kueleza. Mama yake kule Bungoma aliwaambia watu wa kanisani kwamba binti yake yuko "maktaba", nao wakaridhika kwamba anagonga mihuri kwenye vitabu. Kwa kweli alikuwa ametunga Nanga, maktaba ya msimbo kwa lugha ya Rust, yenye vipande vilivyo tayari kwa yeyote anayetaka kuandika mkataba wa kukaa kwenye blokcheni. Mkataba wa namna hiyo haufungiwi kabatini kwa mtu. Unakaa kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, unajitekeleza wenyewe, na hauna karani wa kubembelezwa. Fundi akitaka mkataba wake uhesabu wanachama, haanzi kufyatua tofali. Anachukua la Nasipwondi, limeshachomwa likaiva.

Mkataba wa kwanza wa maana kujengwa kwa Nanga ulikuwa wa chama cha wenye boti wa Usenge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Gati la pale lilikuwa na nafasi ishirini na nne za kufunga boti, na kitabu cha nafasi hizo kilikuwa kimeteswa. Kila kiongozi aliyeingia alifuta majina ya wanyonge akaandika ya shemeji zake. Wanachama walipochoka walimwita Griffins, kijana wao aliyesomea mambo haya Kisumu, wakamwambia awaandikie kitabu kisichofutika. Akawaandikia, kwa kutumia Nanga. Kila mwezi mkataba ungemwuliza kila mwenye nafasi kwa simu, "Upo?" naye angejibu, "Nipo." Ambaye mkataba haukumwona, nafasi yake ingekwenda kwa anayefuata kwenye foleni, na foleni hiyo ilijaa wanunuzi wakubwa wa samaki kutoka mbali, watu wenye boti za injini mbili na subira ya mamba.

Siku ya kufunga kazi ndiyo hiyo Jumamosi. Saa sita mchana ufunguo wa mkataba ungeharibiwa mbele ya watu wote, asitokee tena wa kuubadilisha mkataba huo. Saa nane mkataba ungefanya hesabu yake ya kwanza ya kweli.

Saa tatu asubuhi, kwa kujifurahisha tu, Nasipwondi akaendesha hesabu ya majaribio kwa majibu ya mazoezi ambayo wanachama walikuwa wametuma wiki ile. Wanachama, ishirini na wanne. Waliopo, kumi na tisa. Waliofutwa, watano.

Sababu aliijua, maana ni yeye aliyeipanda. Mwezi uliopita alikuwa ameongeza kwenye Nanga kanuni ndogo ya mistari kumi na mmoja. Simu moja ikijibia watu wawili, wa kwanza anakubaliwa, wa pili anahesabiwa bandia na kufutwa. Aliwalenga wajanja wanaosajili boti moja kwa jina lao na nyingine kwa jina la mke. Na tazama, wote watano waliofutwa walikuwa wanawake, na kila mmoja alikuwa amejibu kwa simu iliyotangulia kumjibia mwanamume.

"Haya, wezi mmenaswa," akasema peke yake, akatabasamu. Hicho ndicho kijisifa nilichokitaja.

Mlango ulikuwa wazi. Atieno, jirani yake anayeuza omena, mzaliwa wa Usenge, alikuwa akipita na karai lake. Nasipwondi akamwita.

"Mama Atieno, unamjua mwanamume wa kwenu anaitwa Oyugi Obiero?"

"Oyugi gani? Oyugi wa Adero? Huyo si tulizika mwaka juzi."

"Amejibu simu Jumanne. Saa moja asubuhi."

Atieno akashusha karai. "Ni Adero alijibu. Boti ni ya Oyugi. Kwani mtu akikufa boti yake inabadilisha jina? Boma ni ya Oyugi, boti ni ya Oyugi, na Adero ni bibi ya Oyugi mpaka leo. Halafu yeye pia ako na boti yake, ile alipata na chama ya wamama. Simu ni moja. Anajibia mzee kwanza, halafu anajijibia."

"Kwa nini mzee kwanza?"

"Sasa wewe utajitanguliza mbele ya bwana yako?"

Nasipwondi akamsomea majina mengine manne ya wanaume. Atieno aliyajua yote, na wote walikuwa wamelala chini ya udongo wa boma zao. Nanga yake, pamoja na akili zake zote, ilikuwa imewakubali wafu watano na kuwafuta wajane wao waliokuwa wakipumua, kwa kosa la kufanana na waume zao. Adero angepoteza nafasi ya boti ya kwanza maishani mwake yenye jina lake mwenyewe. Wenzake wanne vivyo hivyo. Ufunguo ukishaharibiwa, hata yeye aliyeitunga Nanga asingeweza kuwarudishia.

Akampigia Griffins. Simu imezimwa. Akampigia mwenyekiti, Mama Jacinta. Imezimwa pia. Ndipo alipokumbuka maagizo aliyoyaandika yeye mwenyewe na kuyapigia mstari: siku ya kuharibu ufunguo, simu zote zizimwe tangu asubuhi, zikusanywe karaini na kufunikwa leso, asipatikane wa kupiga picha.

Na ufunguo wenyewe ulikuwa maneno. Mashine ilichagua maneno ishirini na manne kutoka orodha ya maneno elfu mbili na arobaini na nane ya Kiswahili iliyomo ndani ya Nanga, na kila boti ikapewa neno lake moja kwenye kikaratasi. Bila maneno yote, tena kwa mpangilio wake, hakuna mwanadamu angeugusa mkataba. Saa sita kila mwenye boti angetia kikaratasi chake motoni.

Kurekebisha Nanga palepale Manyatta kusingesaidia kitu. Mkate ukishaokwa, hata ubadilishe unga wote ulioko dukani, mkate ni uleule. Mkataba wa Usenge ulikuwa umeshaokwa na Nanga ya zamani, na wa kuuoka upya ni mwenye ufunguo peke yake.

Binamu yake Walubengo alikuwa na pikapu ya kupeleka barafu Usenge, na kwa bahati alikuwa bado anapakia. Saa nne kasoro robo walishapita Kisian, Nasipwondi kompyuta iko mapajani, anaandika huku kichwa kikigonga kioo cha dirisha.

"Dada, punguza maombi hapo, nimekanyaga mafuta mpaka chini," Walubengo alisema.

"Siombi, nasoma msimbo."

"Unasoma kama mtu anaomba."

Aliifuta mistari ile kumi na mmoja. Kisha akaona kwamba akiiacha hivyo, wajanja wale wa kweli wangepita mlango uleule. Akaandika nyingine badala yake: simu moja inaweza kujibia boti mbili, ikiwa wanachama wengine wameikubali nyumba hiyo hadharani. Akaijaribu mara tatu. Ilikubali. Na walipofika Ndori gurudumu la nyuma likapasuka, na jeki ya Walubengo ilikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Saa moja na nusu ikaliwa kando ya barabara, barafu ikitiririka chini ya turubai, Nasipwondi akitazama saa.

Walifika saa saba kasoro dakika tano. Wanachama walikuwa wamekaa kwenye banda la chama, karibu na gati, nguo za kanisani, soda mikononi. Katikati palikuwa na jiko kubwa la kukaangia samaki, na ndani yake majivu mepesi meupe. Vikaratasi ishirini na vinne vilikuwa vimekwisha.

Griffins alimwona akasimama na uso wa sherehe. "Madam! Umekam kutuona? Tumemaliza, iko sawa kabisa."

"Haiko sawa," Nasipwondi akasema.

Aliwaeleza akiwa amesimama, maana hakuna aliyempa kiti. Alieleza kwamba saa nane mkataba utawahesabu, na kwamba wanawake watano waliokaa pale watafutwa, na nafasi zao ziende kwenye foleni. Akawataja. Adero alikuwa mama mwembamba wa miaka sitini hivi, amekaa mstari wa mbele, na koti la kiume juu ya gauni lake ingawa jua lilikuwa kali.

"Mimi nitafutwa?" Adero akauliza. "Au Oyugi?"

"Wewe, mama. Oyugi atabaki."

Adero akafikiri. "Yeye amekufa," akasema polepole, kama anayemsaidia mgeni aliyepotea njia.

Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, Kiluo kikipanda juu ya Kiswahili. Mama Jacinta, mwenyekiti, aliwaacha waseme. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na aliposimama banda likatulia.

"Nyar Bungoma," akasema, yaani binti wa Bungoma, "karibu. Sasa unataka tufanye nini, na karatasi imeungua?"

"Mnitajie maneno, Mama. Kila mtu alilokuwa nalo, kwa mpangilio. Nikiyapata nitarekebisha kabla ya saa nane."

"Yote ishirini na nne."

"Yote."

"Wewe ndio ulituma Griffins atuambie tusiambie mtu hiyo neno. Alisema hata bwana yako, hata pastor, hata huyo msichana mwenye ametengeneza hiyo kitu. Leo huyo msichana amekuja na pikapu ya barafu, anasema mpatie yote."

Kila alichosema mama huyu kilikuwa kweli, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Zilikuwa zimebaki dakika hamsini.

Griffins akaingilia. "Mama, code yake mimi nimeisoma kutoka mwanzo. Hakuna pahali ameficha kitu."

"Na hiyo ya kufuta Adero uliisoma?"

Griffins akatazama viatu vyake. Aliisoma, na aliiona nzuri. Yeye mtoto wa Usenge aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka kwenye boti ya Oyugi.

"Mimi nitasema yangu," Adero akasema. "Kama ni kufutwa nimeshafutwa. Neno yangu ni *sabuni*."

Hilo likafungua mlango. Mama Jacinta hakukubali wala hakukataa. Alitoa daftari la chama, akaanza kuita boti moja baada ya nyingine kama mwalimu anayeita majina, na kompyuta akaamuru igeuzwe skrini iwatazame watu, Griffins aandike na Nasipwondi asiguse. Boti ya kwanza, *ngazi*. Ya pili, *radi*. Ya tatu, *pua*, na mwenyewe akashika pua yake kuonyesha. Wengi hawakuwa watu wa kusoma, na kwa sababu hiyo hiyo walikuwa wameyakariri maneno yao wasije wakaaibika siku ya siku. Majina ya marehemu yalipoitwa, wajane wao waliwaitikia, na banda zima liliona ni sawa.

"Boti ya tano. Oyugi Obiero."

Wote wakamgeukia Adero.

"Adero, ya Oyugi."

"Sijui. Niliweka kwa koti yake hivyo ilikunjwa, leo nikaitoa nikachoma. Ilikuwa barua yake. Mimi nifungue barua ya mtu?"

Nasipwondi akafumba macho. "Endeleeni," akasema. "Likipungua moja, mashine itajaribu maneno yote ya orodha mahali pale mpaka ipate. Hata yakipungua mawili, ni dakika chache."

"Na tatu?"

"Matatu ni siku kadhaa."

Wakaendelea. Boti ya kumi na nne ilikuwa ya Odongo, mwanamume mwenye tumbo la heshima na soda ya pili mkononi. Odongo alikuwa amelisahau neno lake. "Nilijua inaenda kuchomwa," akajitetea. "Ya nini kubeba kwa kichwa kitu ya kuchomwa?" Mke wake akamwambia kwa Kiluo kitu ambacho hakuna aliyemtafsiria Nasipwondi, na hakikuhitaji tafsiri.

Mawili yamepungua. Saa saba na nusu. Kumi na tano, kumi na sita, wakafika ishirini na tatu. Ya ishirini na nne ilikuwa ya Mama Jacinta mwenyewe.

Mama Jacinta akafunga daftari.

"Yangu nakumbuka," akasema. "Lakini nyar Bungoma atanijibu kwanza. Hiyo kanuni, uliiweka ya nini?"

Nasipwondi angeweza kusema habari za usalama wa mifumo. Maneno hayo alikuwa nayo mengi, mazuri, na Griffins angeitikia kwa kichwa kuyaunga mkono. Akamtazama Adero na koti lake kuukuu.

"Niliwadhania wezi," akasema. "Kabla sijawaona hata mmoja wenu. Na leo asubuhi nilipoona majina yenu matano yamefutwa, Mama, nilifurahi. Nilisema wezi wamenaswa. Naona aibu."

Nje, Walubengo alikuwa akipakua barafu, mabonge yakigonga saruji moja moja.

"Kitabu cha zamani," Mama Jacinta akasema, "kila mwenye alitufuta alikuwa na sababu yake mzuri. Hakuna hata moja alikuja kusema ni aibu." Akamgeukia Griffins. "Andika. *Karanga*."

Mashine ikaanza kutafuta yale mawili. Tarakimu zilikimbia kwenye skrini na watu wazima wakasogea mbele, shingo zimenyooka. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Saa nane kasoro dakika kumi na nane, tarakimu zikasimama, na ufunguo ukapatikana. Griffins akasoma kwa sauti kila mstari ambao Nasipwondi alikuwa ameubadilisha, akiufafanua kwa Kiluo, na nyumba tano zikakubaliwa kwa mikono iliyoinuliwa, moja baada ya moja. Mkataba ukaokwa upya. Kasoro dakika tisa.

"Na sasa tutachoma nini?" Odongo akauliza. "Maneno tumesikia sisi wote."

"Kuna njia ya kuuambia mkataba ukatae kila ufunguo, hata wa kweli," Nasipwondi akasema. "Ilikuwapo tangu mwanzo. Mlitaka moto, ndiyo maana hatukuitumia."

"Tutajuaje imekataa?"

"Mtajaribu wenyewe."

Griffins akabonyeza. Kisha Mama Jacinta akayaita maneno upya kutoka mwanzo, yote ishirini na manne, safari hii bila kusita. Mashine ikayapokea, ikatafakari, ikajibu kwa neno moja lililoandikwa kwa wekundu: Hapana. Watu wakapiga makofi kwa kukataliwa. Nasipwondi hakuwahi kuona jambo hilo tena maishani.

Adero hakupiga makofi. Alikuwa amesogea hadi kwenye kompyuta.

"Hiyo ya Oyugi," akasema. "Mashine imeiona?"

"Imeiona, mama."

"Ilikuwa nini?"

Nasipwondi alitamani liwe neno kubwa. Lakini mashine huchagua bila kumjua mtu. "*Kijiko*," akasema.

"Kijiko." Adero akalishika neno lile mdomoni, na uso wake ukaanza kuvunjika pembeni, kwanza kwa kicheko. "Oyugi, kijiko. Huyo mtu hata uji alikunywa na kikombe bila kijiko. Siku ya harusi yetu walimpatia kijiko akaweka kwa mfuko." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, mahali kilipokaa kile kikaratasi mwezi mzima, akauacha humo. Machozi yalikuja baadaye kidogo, nao wenzake wakamwacha alie.

Mama Jacinta akaondoa leso, kila mtu akachukua simu yake na kuiwasha. Saa nane kamili zikalia zote kwa mpigo, nyingine mlio wa kwaya, nyingine mlio wa jogoo. Adero akaishika yake mbali na macho, kama watu wa rika lake wanavyofanya. Nasipwondi alikuwa nyuma ya bega lake, akiona kila kitu.

*Oyugi Obiero, upo?*

Adero akabonyeza: Nipo.

Skrini ikazunguka kidogo. Kisha ikauliza tena.

*Adero Oyugi, upo?*

Mama yule akageuza shingo akamtazama binti wa Bungoma, bila hasira, kama anayetaka kuhakikisha swali limeelekezwa kwake kweli.

"Bonyeza, mama," Nasipwondi akasema. "Hilo ni lako."